Kibodi ya Watu Watatu

Nyumba ya Mwanajuma pale Ng'ambo haikujua ukiwa. Asubuhi walikuja wa supu na chapati, mchana walikuja wa kivuli, jioni wakaja wa habari, na hao wa habari ndio aliowachemshia chai ya tangawizi kali, maana koo likishapata moto halisemi nusu. Ndiyo sababu habari ya Mzee Vinod kufunga duka ilimfikia yeye mapema kuliko ilivyowafikia baadhi ya wateja wa Mzee Vinod mwenyewe.

Aliileta Advera, muuza vitenge, mtu ambaye hajawahi kuingia mahali akaanza na salamu. Alisema duka la kufuli na vitasa limekwisha, rafu zimebaki na vumbi, mzee miguu imemkataa na sasa anakwenda Dar kukaa kwa binti yake. Mwanawe Kunal anakwenda naye, na mke, na mtoto, na vyombo. Treni ya Jumanne. Hawarudi.

Waliokuwapo wakaigawana habari ile kama embe: huyu akachukua nyama, yule akachukua kokwa. Mmoja alitaka kujua nani kanunua jengo, mwingine akaulizia makabati. Mwanajuma, ambaye siku nyingine angekuwa ameshika usukani wa mazungumzo hayo, alimimina chai mpaka kikombe kikafurika kwenye kisahani. Alikuwa anamfikiria Awadhi.

Mtaa mzima ulijua kwamba Awadhi fundi redio na Kunal wa duka la kufuli hawasemezani. Wakikutana sokoni, mmoja hugundua ghafla kwamba nyanya nzuri ziko upande wa pili. Watu walijaribu kuwapatanisha wakachoka. Ugomvi ukikaa sana huwa kama kabati zito sebuleni, wenye nyumba hujifunza kulizunguka. Mwanajuma hakujifunza. Wote wawili aliwahesabu nduguze, na tabia zao alizijua: Kunal akishapanda treni hatapiga simu, Awadhi hata ikipigwa hataipokea, na siku mmoja wao atakapokufa mwenzake atakuja kulia kwenye matanga akiwa amechelewa maisha mazima. Wasiposemezana kabla ya Jumanne, ndiyo imetoka hiyo.

Undugu wao ulianzia stoo. Mwishoni mwa miaka ya tisini Mzee Vinod alileta kompyuta kutoka Dar, akitaka kuhesabia bidhaa. Ikakaa kaunta, ikavikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi, na hakuna aliyeweza kuifundisha tofauti ya bawaba na komeo. Mwishowe ikahamishiwa stoo, katikati ya magunia ya misumari. Waliomwuzia walikuwa wameacha mchezo ndani yake, na mchezo huo ndio uliowavuta watoto watatu: Kunal, mtoto wa mwenye duka, Awadhi, ambaye mama yake, aliyeitwa Mama Abasi kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa akiuza vitumbua kwenye baraza ya duka hilohilo, na Mwanajuma, binti wa seremala wa milango, aliyetumwa kufuata bawaba akasahau kurudi.

Jina la mchezo lilikuwa la Kiingereza, lilipita haraka na hawakulishika. Wao waliuita Gereza. Ulikuwa mfungwa ndani ya ngome, unatafuta njia ya kutokea. Mwenyewe hukujiona, uliona mkono wako tu chini ya kioo umeshika bastola, na kuta zikikujia. Hakuna kati yao aliyewahi kuona kitu kama kile. Siku ya kwanza Awadhi alilaza kichwa pembeni ya kioo apate kuchungulia kona. Mbwa walibweka, askari wakapiga kelele kwa lugha isiyojulikana, na nyuma ya kila mlango palikuwa na mlango, kama zile tembe za zamani za Kwihara ambamo wenye misafara walificha pembe na shanga, chumba ndani ya chumba.

Kibodi ilikuwa moja na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake, basi wakagawana vidole. Awadhi alikaa kulia akashika vitufe vya mishale, yeye dereva. Kunal alikaa kushoto akashika kile kitufe cha kona kinachofyatua risasi, yeye mpiga. Mwanajuma akabanwa katikati, akapewa kitufe kirefu cha chini kinachofungua milango, yeye bawabu. Kazi ya bawabu waliidhani ndogo mpaka alipogundua kwamba baadhi ya kuta nazo ni milango. Ukiusukuma ukuta unaostahili, unarudi nyuma kwa mngurumo, na ndani unakuta chakula na dhahabu. Mwanajuma, mtoto wa seremala, alikuwa na jicho la kuujua ukuta unaodanganya. Jina la Bawabu likamganda. Duniani wako watu wawili tu waliomwita hivyo.

Mchezo wao ukawa wa kelele. Dereva hageuki bila kusema anageuka, mpiga hapigi bila kuambiwa kuna nini, bawabu hafungui mpaka wenzake wote wawili waseme wako tayari. Wateja waliokuja kununua kufuli walidhani nyuma kule kuna watu wanashusha mzigo. Na hata siku moja hawakuwaza kwamba mchezo ule ungeweza kuwa wa namna nyingine. Mababu wa mji ule walikuwa wapagazi, walibeba vya watu mpaka pwani, na mzigo mzito uliitwa mzegamzega, unaning'inizwa kwenye mti na kubebwa mabegani na watu wawili au zaidi. Nani angemwuliza mpagazi kwa nini habebi peke yake? Gereza lilikuwa la watatu, basi. Waliwahurumia hata watoto wa matajiri wa Dar, wenye kompyuta nyumbani na hawana wa kucheza naye.

Watu wakakua. Kompyuta ikafa, wao wakaoa na kuolewa, urafiki ukabaki. Kilichouvunja ni kifo cha Mama Abasi.

Yule mama alimlisha Kunal vitumbua tangu hana meno ya mbele. Vya Kunal alivikaanga pembeni, kwa mafuta mapya yasiyopita samaki, kwa kuwa nyumba ya Mzee Vinod haikugusa chochote kilichokutana na nyama. Siku ya maziko yake watu walikuja mpaka kutoka Ipole na Goweko. Kunal hakuja. Hakuja makaburini, hakuja kwenye matanga, hakuja arobaini. Awadhi, akiwa chini ya jeneza la mama yake, aligeuka kila mabega yalipopokezana, akitafuta bega moja. Baada ya hapo aliacha kupita mtaa wenye lile duka. Na Ng'ambo, ambayo haiwezi kuona pengo ikaliacha, ikaliziba kwa maneno: kwamba tajiri ni tajiri, kwamba urafiki wa utotoni hauvuki barabara ya lami. Maneno hayo yalimfika Kunal mwenyewe.

Basi Ijumaa Mwanajuma alijitanda khanga akaenda mjini kuaga. Alimkuta Mzee Vinod ameketi juu ya kreti tupu katikati ya duka tupu, fimbo magotini. Akatoa shikamoo yake, akapata marahaba, wakalia kidogo na kucheka kidogo. Kunal alikuwa stesheni na mizigo. Mzee akamwambia achague kitu cha ukumbusho, kuna kufuli za shaba nzuri. Mwanajuma akamwomba waende stoo, na chini ya magunia akaonyesha anachokitaka.

"Hiyo maiti?" mzee akauliza. "Ilikufa kabla nywele zangu hazijafa."

Akampa. Alipokuwa anatoka nyuma ya guta lililobeba sanduku na kioo chake, Mwanajuma akamkaribisha yeye na nyumba yake yote chakula cha mchana Jumapili. Akaongeza kwamba sufuria amenunua mpya, hazijawahi kuona nyama. Mzee Vinod akainama kama mtu aliyeangusha kitu.

Guta halikwenda kwa Mwanajuma. Lilikwenda kwa Awadhi.

Banda la Awadhi lilijaa redio zilizofunguliwa vifua na televisheni za watu wasiokuja kuzichukua. Mwanajuma alishusha sanduku mezani bila kueleza limetoka wapi, na hakuhitaji, kwa maana ubavuni bado ilikuwapo stika ya chingamu ambayo Awadhi mwenyewe aliibandika na kupigwa kofi kwa ajili yake. Akaitazama stika ile. Akasema yeye anashughulika na wagonjwa, wafu wanapelekwa kwingine. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika bisibisi tayari.

Ndani alikuta vumbi, kiota cha nyigu na mjusi aliyekauka. Kile kisanduku kinacholisha umeme kilikuwa kimeungua, akang'oa kingine kutoka kwenye kompyuta ya shule moja iliyokwisha kufutwa hesabuni. Alifanya kazi hiyo Ijumaa yote iliyobaki na Jumamosi asubuhi, akiacha pasi ya mtu na redio mbili za watu. Mwanajuma alikuja na kuondoka, akaja na kuondoka, kila mara akiwa na kisingizio kipya. Mwishowe kila kitu kikawaka isipokuwa kile kinu kinachotunza kumbukumbu, kilichogoma kuzunguka mpaka Awadhi alipokigonga kwa mpini wa bisibisi, kistaarabu, kama mtu anayepiga hodi kwa wakwe. Kikaguna, kikazunguka.

Kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe. Awadhi akasimamisha kidole hewani, halafu kidole chenyewe kikaandika neno ambalo kichwa kilikuwa kimelisahau. Muziki ukatoka, ule mwembamba wa kukwaruza. Mwanajuma akajikuta ameshika kiuno.

Ngome ilikuwa ndogo kuliko walivyoikumbuka. Kuta zilikuwa za vigae vya rangi vinavyoonekana kimojakimoja, na askari aliyewatisha utotoni alikuwa na uso wa mraba kama kipande cha sabuni. Awadhi akaenda mbele, akageuka vizuri, hodari, mkono wa kulia haukusahau kona hata moja. Askari akatokea. Awadhi akasimama mbele yake akitazama, mkono wa kushoto umelala pajani kama mgeni, mpaka akauawa. Akaanza tena, akauawa tena palepale. Mwanajuma akavuta kigoda akashika kitufe chake kirefu, wakafungua mlango mmoja na wa pili, lakini hapakuwa na wa kupiga. Alipojaribu kupiga yeye, akasahau mlango. Alipokumbuka mlango, walikuwa wamekufa.

Doto, mke wa Awadhi, alikuwa ameleta bakuli la ugali na mlenda. Alisimama nyuma yao akatazama vifo kadhaa, halafu akauliza, "Huyo mtu kwani ana mikono mingapi?"

Wakamweleza kwa pamoja: dereva, mpiga, bawabu. Doto akasikiliza mpaka mwisho. Akasema anachoona yeye kwenye kioo ni mtu mmoja mwenye bunduki moja, na mtu ana vidole kumi, na kwa akili yake mchezo huu ni wa mtu mmoja. Akaweka bakuli akaondoka.

Awadhi na Mwanajuma wakatazamana. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kikashuka kifuani, mpaka Awadhi akaegemea televisheni ya watu na Mwanajuma akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Utoto mzima. Na wale watoto wa Dar waliowahurumia.

"Tulikuwa wajinga," Awadhi alisema.

"Sasa si ujaribu peke yako, kama ni wa mtu mmoja."

Akajaribu, na mikono yake ikakataa. Wa kulia ulijua kuendesha, wa kushoto haukujua kitu. Kicheko kilimwisha polepole. Akatazama upande wa kushoto wa meza, pale penye kiti kilichorundikwa spika mbovu, akazima.

"Kachukue, Bawabu," alisema. "Imepona."

Mwanajuma akamwomba ailete mwenyewe Jumapili mchana, yeye nyaya hazijui, na kuna watu wangependa kuiona. Awadhi akauliza watu gani. Watu, alijibu Mwanajuma. Awadhi akasema watu wa nyumba ya Mwanajuma hawana hesabu wala majina, akakubali.

Jumapili Mwanajuma alianza kupika kabla jua halijapanda: mbaazi, viazi vya bizari, mchicha wa karanga, wali, achari ya embe, na asali ya Ipole kwenye bakuli la kioo. Sufuria mpya zilimetameta, na mtu aliyekaribia akiwa na mwiko wa jana alifukuzwa. Wanawake wa barazani alikuwa amewaonya wote, na Advera alimwonya mara mbili zaidi: ale pole pole, ajaze mdomo, mdomo uliojaa haulizi.

Awadhi alikuwa chini ya meza sebuleni, anachomeka nyaya, fimbo ya Mzee Vinod ilipogonga kizingiti. Nyuma ya mzee alikuwapo Kunal, nyuma ya Kunal mkewe Pooja, na binti yao Janvi, msichana mrefu aliyekuwa karibu kumpita mama yake. Awadhi alitoka chini ya meza na utando wa buibui kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Awadhi. Umezeeka."

"Wewe je, mzee?"

"Mimi nilianza mapema."

Kati ya Awadhi na Kunal hakikupita kitu. Kunal alimtazama Mwanajuma jicho lile linalosema tutaonana baadaye, Awadhi akamtazama hivyohivyo kutoka upande wa pili, naye Mwanajuma akajifanya hana zaidi ya macho mawili na yote yako kwenye sahani.

Chakula kililiwa. Pooja aliomba kuelekezwa upishi wa mbaazi, na Mzee Vinod akaongeza wali bila kukaribishwa, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo. Ukimya ule ulikuwa mgeni katika nyumba ya Mwanajuma, mpaka jogoo akaja kuchungulia mlangoni. Advera alitafuna kitu ambacho kilikwisha kuliwa zamani. Baada ya kunawa, mzee akasema angependa kukiona kile kitu kinavyowaka, mara moja, kabla hajapanda treni.

Hakuna anayemkatalia mzee anayeondoka. Viti vitatu vikapangwa, nao wakakaa kila mmoja mahali pake bila kuuliza: Awadhi kulia, Kunal kushoto, Mwanajuma katikati, sasa amejaa vizuri kuliko zamani hivyo mabega yao yote mawili yalimgusa. Janvi akaja na kigoda chake akakaa nyuma.

Walicheza kimya. Awadhi akageuka bila kusema, Kunal akapiga ukuta. Kunal akangoja, Awadhi akaendelea mbele, wakauawa. Wakarudia. Vidole vilikumbuka kila kitu, lakini kila kidole kilikuwa peke yake. Wakafa mlangoni, wakafa kwenye kona, wakafa mbele ya mbwa yule mmoja ambaye zamani walimwita kwa jina.

Mzee Vinod akainamisha sikio. "Zamani ilikuwa na kelele," alisema. "Spika imeharibika?"

Walikuwa wamefika kwenye mlango wa chumba kikubwa, na mbele ya mlango ule Mwanajuma akaondoa kidole chake kwenye kitufe, akaweka mikono yote miwili mapajani.

"Fungua," Awadhi alisema.

"Bawabu hafungui mpaka wote wawili waseme wako tayari," alisema Mwanajuma. "Tena waambiane wao. Ndivyo mchezo ulivyo."

Kunal alikuwa bado anatazama kioo. "Sivyo ulivyo," alisema polepole. "Ni wa mtu mmoja."

Akaeleza kwamba alilijua hilo tangu yuko chuo, Mwanza. Alimkuta mwanafunzi mwenzake akiucheza peke yake, mikono miwili, anapiga na kufungua na kukimbia. Alipopewa zamu alijaribu, akafika chumba cha pili, akajiona kama mtu anayekula sahani ya wenzake. Akazima. Mwanajuma akamwuliza mbona hakuwaambia.

"Ningewaambia ili nipate nini?"

"Ndivyo ulivyo," alisema Awadhi. Macho yake pia yalikuwa kwenye kioo, kwenye mlango ule uliofungwa, na ilionekana ni rahisi zaidi kusema na mlango. "Mambo unakuwa nayo, husemi. Ulikuwa wapi siku tunamzika mama?"

Sahani zikaacha kugongana uani. Hata Advera alimeza.

Kunal akageuka, si kwa Awadhi, kwa binti yake. "Yule pale," alisema. "Alizaliwa alfajiri ya siku ileile. Kwetu nyumba yenye kichanga haiendi msibani, mpaka siku za uzazi zitimie. Ukitoka kwenye maiti huingii chumba cha mtoto. Nilikaa ndani ya gari pale kona ya msikiti. Nilikuona umebeba. Niliona unageukageuka."

"Ungetuma neno."

"Neno gani, Awadhi? Nimtume mtu aje akuambie pole ya mama, na mimi kwangu tunagawa peremende? Nikasema siku zikitimia nitakwenda mwenyewe. Zilipotimia, mtaa ulikuwa umeshasema yake. Kila siku niliyongoja ikawa nzito kuliko ya jana."

Fimbo ya Mzee Vinod iliteleza ikaanguka sakafuni, na hakuiokota. Alisema asilaumiwe Kunal, desturi ni ya nyumba na mwenye nyumba alikuwa yeye. Kunal alikuwa amekwisha kuvaa viatu siku ile. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni, akamkubalia kuishia ndani ya gari tu.

"Mama yako alibadili mafuta kwa ajili yetu miaka yote," alimwambia Awadhi. "Mimi siku moja tu, sikubadili kitu."

Awadhi alikuwa amegeuka kumtazama Janvi, na alimtazama sana, kuanzia nywele mpaka soksi, kama mtu anayepima miaka kwa macho. Msichana akaona haya akacheka. Lilikuwa limeng'oka jino la pembeni, na hapo Awadhi akapitisha kiganja usoni, kutoka juu mpaka kidevuni.

"Mama angesikia kuna mzazi kwenu," alisema, "angeahirisha kufa. Angekaanga kwanza."

Kunal alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Mwanajuma, kati yao, alihisi bega la kushoto linatetemeka, na la kulia linatetemeka, akakaa wima asiegemee upande wowote.

Halafu mkono wa Awadhi ukarudi kwenye mishale.

"Nyuma ya mlango huu," alisema, "wako wawili. Mmoja kushoto, kajificha kwenye nguzo."

"Namkumbuka," alisema Kunal.

"Nitaingia na kugeuka kushoto. Usinipigie ukuta."

"Wewe geuka, acha kuhutubia."

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

"Mlango, Bawabu."

Mwanajuma alikuwa haoni vizuri, lakini kitufe chake kilikuwa kirefu na hakikuhitaji macho. Mlango ukafunguka. Awadhi akaita kushoto, Kunal akaita simama, mmoja akamwambia mwenzake ni kipofu, mwenzake akamwambia ni kobe, na wote wawili wakamkemea yeye kwa kuufunga mlango walipokuwa katikati. Wakauawa vibaya kuliko mara zote. Wakaanza tena kabla muziki haujakwisha. Janvi akawa amesimama juu ya kigoda, na barazani watu wakajazana madirishani, na Mzee Vinod, aliyeokotewa fimbo yake, akamwambia Pooja kwamba unaona, spika imepona.

Jumatatu asubuhi, wakati wa supu, Kunal alifika kwa miguu. Alisimama barazani kati ya wanywaji, akakataa chai, akakubali chapati. Awadhi akaja na pikipiki. Alikuwa na jembe, kwa kuwa mvua za kwanza zilishanyesha na majani makaburini huwa yanakimbia. Hawakusema wanakwenda wapi. Kunal akalichukua jembe, akaliweka begani, akapanda nyuma, na pikipiki ikaondoka ikiyumba kidogo.

Mwanajuma angeweza kuwafuata. Bodaboda zilikuwa palepale. Alibaki na mwiko wake. Walirudi jua limepanda, viatu vina udongo, wakanywa maji ya mtungini kwa zamu, kata moja, kisha kila mmoja akaenda kwenye shughuli zake, huyu kwa redio za watu, yule kufunga mizigo ya treni.

Advera alikuwa amewasubiri asubuhi nzima na doti za vitenge hazijafunguliwa. Walipotokomea tu akamsogelea Mwanajuma, akakaa vizuri, akakunja miguu.

"Haya. Walisemaje huko?"

"Sikuwepo," alisema Mwanajuma.

Advera akangoja habari yenyewe ianze. Mwanajuma akamsogezea kikombe, akammiminia chai mpaka usawa wake, akageuka kutazama chapati iliyokuwa inataka kuungua.